Mgonjwa Anapouliza Boti Inaondoka Saa Ngapi

Hotuba kwa wauguzi, matabibu na wahudumu wa afya wa jamii, Chake Chake, Pemba

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Waheshimiwa viongozi wa afya wa mikoa yetu miwili, masheha mlioitikia mwito, walimu wangu mliopo hapa, na nyinyi wenzangu wa wodini na wa vituoni, itifaki imezingatiwa. Nimeombwa niseme juu ya namna tunavyozungumza na wagonjwa wa saratani, hasa wale wanaotoka pahala ambapo huduma ziko mbali. Kwa sisi wa Pemba, ukisema hivyo umeshatutaja karibu sote. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu watu 543,441 kisiwani humu, na mgonjwa wetu akiandikiwa mionzi hana budi kuvuka bahari. Lakini kuna mbali na kuna mbali zaidi. Yuko anayekaa Chake mjini, na yuko wa Kojani, wa Fundo, wa Kisiwa Panza, wa Makoongwe, ambaye safari yake ya spitali inaanza kwa mashua kabla hajaliona gari la abiria. Huyo wa mashua ndiye niliyemjia leo.

Mimi ni muuguzi, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa tiba shufaa, yaani kumhudumia mtu mwenye maradhi mazito, apone au asipone. Nina jambo moja la kusema, na mengine nitakayoyataja yanatoka humo. Mgonjwa wetu mara nyingi hasemi kwamba anaogopa. Anauliza nauli. Anauliza boti inaondoka saa ngapi. Anauliza kama atakuwa amesharudi karafuu zikianza kuchumwa. Sisi tunamjibu nauli, au tunamwambia hayo akaulize bandarini, tunafunga faili na kumwita mwengine. Khofu yake tumeipita bila hata ya kuitolea salamu.

Niwape mfano. Mama mmoja, mkulima wa mwani, ameletwa na mdogo wake. Titi la kushoto lina uvimbe mgumu, ngozi imeanza kuvutika ndani, kwapani mna vitezi. Tabibu ni kijana hodari, mwenye adabu zake, na anaeleza vizuri: tutakukata kinyama, kitapelekwa maabara, majibu yakija huenda ukahitajika uende spitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, na baadaye pengine Ocean Road, spitali ya saratani ya Dar es Salaam. Mama anamsikiliza huku anatazama vidole vyake vilivyopasuka kwa maji ya chumvi. Tabibu alipomaliza, mama akauliza, "Boti ya kurudi ipo kila siku?"

"Mtaulizia, mama." Akaanza kuandika.

"Na huko nitalala wapi?"

"Hukosi jamaa Unguja."

Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu mdogo yuko darasa la pili." Hilo halikujibiwa na mtu, maana halikuwa suali.

Muuguzi mwenzangu aliyekuwa amekaa pembeni akasogeza kiti, akasema, "Unamfikiria mwanao." Akaishia hapo, hakuongeza neno. Mama akalia. Alipotulia akaeleza kwamba mama yake mzazi alipelekwa Dar kwa maradhi ya titi na akarudishwa ndani ya jeneza, yeye akiwa msichana. Yale aliyoyauliza, boti, malazi na mtoto, yote yalikuwa suali moja: na mimi nitarudi vile?

Tazameni tulichokipata kwa maneno mawili. Tumepata historia ya ukoo wake, ambayo tabibu aliiuliza mwanzo na akajibiwa "hakuna". Tumejua kwa nini angeichukua karatasi ya rufaa, akaikunja, akaitia kwenye kanga na asiende popote. Sasa tabibu ana la kumwambia: kwamba maradhi ya mama yako yaligunduliwa yakiwa yameshafika mbali, kwamba ya kwako hatujayapima bado, kwamba dawa za leo si zile za wakati ule, na kwamba sitakuficha majibu.

Hili si la Pemba peke yake. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa mazungumzo 20 yaliyorekodiwa baina ya wagonjwa wa saratani ya mapafu na madaktari wao. Walihesabu mara 384 ambazo mgonjwa alisema kitu kilichohitaji neno la huruma: khofu ya kufa, shaka, taabu ya kuipata huduma yenyewe. Madaktari waliitikia mara 39. Wagonjwa walikuwa wakiyasema hayo tangu mwanzo hadi mwisho wa mazungumzo, lakini nusu ya yale maneno ya huruma yalitoka katika theluthi ya mwisho, watu wakikaribia kuagana. Sidhani kama wale walikuwa madaktari wabaya. Walikuwa wakijibu maradhi, kama yule kijana wetu.

Najua mtakachoniambia: benchi limejaa, muda hatuna. Ni kweli benchi limejaa. Ila muda huo tuupime. Uchunguzi mwengine wa Marekani, wa mwaka 1984, ulionesha kuwa daktari alimkatiza mgonjwa kwa wastani baada ya sekunde 18 tangu aanze kujieleza. Kisha mwaka 2002 watafiti wa Uswisi waliwaomba madaktari wasikatize kabisa, wawaache wagonjwa 335 waseme mpaka waishe wenyewe. Wastani ulikuwa sekunde 92. Karibu wanane katika kila kumi walimaliza kabla ya dakika mbili. Huo ndio muda tunaoulilia. Mwaka 1999, pia Marekani, wanawake 210 walioneshwa filamu ya daktari akizungumza na mgonjwa wa saratani ya titi. Wengine waliona filamu kama ilivyo, wengine waliona ileile ikiwa imeongezwa sekunde 40 za daktari kuonesha kuwa anajua jambo ni zito na kwamba yuko pamoja na mgonjwa. Walioona zile sekunde 40 walipungukiwa na wasiwasi. Lakini katika makundi yote mawili, maelezo ya kitabibu waliyoyakumbuka yalikuwa machache, na hapo pana funzo jengine nitakalolirudia.

Sasa msije mkaondoka hapa mkidhani nasema nauli ni fumbo tu la khofu. Nauli ni nauli. Mtu anayeishi kwa kuuza mwani mkavu kwa kilo, au kwa kuchuma karafuu za shamba la mwenziwe, haulizi gharama ili kupitisha muda. Dk. Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's, nyumba ya kuwahudumia wenye maradhi mazito, kule London mwaka 1967, alikuwa muuguzi kwanza, akawa mfanyakazi wa ustawi wa jamii, kisha akasomea udaktari. Yeye alifundisha kuwa maumivu ya mgonjwa wa aina hii yana sehemu zake: mwili, moyo, jamaa na maisha yake, na roho yake mbele ya Mola wake. Ukimpa dawa ya mwili ukamwachia deni la nauli linamkaba koo, maumivu yapo palepale. Kwa hivyo muuguzi anayejua siku za boti kutoka Mkoani na kutoka Wete, anayejua mgonjwa akishuka Malindi, bandari ya Unguja, apande gari gani kufika Mnazi Mmoja, anayejua barua ya msaada inaandikiwa nani, huyo tayari ameshazungumza kwa huruma kabla hajafungua mdomo kusema pole. Pole bila ya ratiba inamwacha mtu pale alipokuwa.

Na safari tumweleze kama ilivyo. Mionzi ya shingo ya kizazi kwa kawaida hupigwa siku tano kwa wiki, kwa wiki tano au zaidi. Dawa za kudunga mshipani kwa saratani ya titi mara nyingi hupewa kila baada ya wiki tatu, kwa miezi. Mama akiambiwa tu "utakwenda Dar kwa matibabu", kichwani mwake ni wiki moja, na ameaga hivyo. Wiki ya pili inapoingia, mume anapiga simu, mtoto ana homa, kuku wameibiwa, naye anapanda boti anarudi, matibabu yamekatika katikati. Sisi tunaandika kwenye faili kuwa mgonjwa ametoroka. Hakutoroka. Hakuambiwa urefu wa safari, na hakuna aliyekaa na mumewe kupanga nani atapika, nani atamtia mtoto skuli, na shamba la mwani atalishika nani. Mwiteni mume. Mwiteni na mama mkwe akiwepo, kwa sababu nyumba nyingi ruhusa inapita kwake. Akishirikishwa tangu mwanzo, mara nyingi yeye ndiye atakayekuwa mtetezi mkubwa wa mgonjwa.

Nije kwenye sentensi ambayo natamani ife katika vituo vyetu. "Ulikuwa wapi siku zote hizi?"

Inasemwa kwa uchungu, naelewa. Tabibu amefunua kanga, ameona donda limeshapasuka, na moyo umemuuma kwamba mtu huyu angekuja mapema tungemsaidia zaidi. Lakini mgonjwa hasikii uchungu wako. Anasikia kuwa amejiua mwenyewe. Wengine wanaongeza na methali, mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo ni nzuri darasani na kwenye mhadhara wa kuhamasisha watu wapimwe. Mbele ya mtu ambaye kifo tayari kiko mawazoni mwake, ni kumpiga mtu aliyeanguka.

Na hebu tujibu hilo suali kwa niaba yake. Alikuwa wapi? Alikuwa nyumbani, kwa sababu uvimbe hauumi mwanzoni, na kwetu kisichouma si maradhi. Alikuwa anangoja mume arudi dago, kambi ya wavuvi. Alikwenda duka la dawa akapewa vidonge. Alikwenda kituo cha afya akaambiwa ni maziwa yameganda, aende akakande. Alikwenda kwa mganga, akapewa mizizi. Alikwenda kwa sheikh, akasomewa na akanywa kombe, maji yaliyooshewa aya za Kurani. Mtu huyu hakukaa bure hata siku moja, ametafuta tiba kila mlango alioweza kuufikia, na mlango wetu ndio uliokuwa mbali kuliko yote. Mtume wetu, sala na salamu zimshukie, ametuamrisha tujitibie, na yeye alikuwa akilitekeleza hilo kwa njia alizozijua.

Suali langu mimi ni hili: "Mpaka kufika leo, umeshajaribu nini na nini?" Liulizeni kwa sauti ileile unayomuulizia mtu habari za kwao. Atakwambia yote. Na unahitaji kujua yote, maana kama donda limewekwa majani au unga wa dawa, lazima lisafishwe. Kama anakunywa dawa ya mizizi, daktari wa kule atakapomdunga dawa za saratani anatakiwa ajue. Akimaliza kueleza, mwambie, "Umehangaika sana. Ahsante kwa kufika." Kuhusu dua na kisomo, msimkataze hata siku moja. Hayo yanakwenda pamoja na dawa. Kinachotakiwa ni asiache dawa kwa ajili yake, na imamu wa msikiti wake mkimuomba alisisitize hilo, atalisema vizuri kuliko sisi.

Kisha kuna uso.

Sote hapa tumesoma chuo cha Kurani, na sura ya Abasa tumeihifadhi tukiwa wadogo. Tunajua iliteremka kwa kisa gani: kipofu, Abdullahi bin Ummi Maktum, alikuja kutaka kufundishwa wakati Mtume akizungumza na wakubwa wa Kikureshi, uso ukakunjwa, na Mwenyezi Mungu akateremsha maneno ambayo yatasomwa mpaka Siku ya Kiyama. Mimi hukifikiria sana kisa hiki nikiwa wodini. Aliyekunjiwa uso hakuuona, alikuwa haoni. Na pamoja na hivyo halikuachwa lipite. Wagonjwa wetu wanaona. Wanaona vizuri sana.

Nitataja harufu, kwa sababu hapa ndipo uso unapotusaliti. Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na ikishakua hutoa maji na damu yenye harufu nzito. Donda la titi lililopasuka ni hivyohivyo. Mwanamke wa kwetu, aliyelelewa na asumini na udi, aliyezoea kufukiza nguo zake, anajisikia hiyo harufu kabla yako. Ameacha kwenda harusini. Ameacha kulala kitanda kimoja na mumewe, au mume ndiye aliyehama. Watoto wanakula barazani. Anaingia chumbani kwako, na wewe unainuka kwenda kufungua dirisha. Umeshazungumza. Baada ya hapo hata ukimwambia maneno ya asali, jibu analo.

Mnaotaka kujua la kufanya: dirisha lifunguliwe kabla hajaingia. Kaa karibu naye kama unavyokaa na wengine, usirudi nyuma. Halafu litaje wewe, usimwachie yeye aibu ya kulitaja: "Wagonjwa wengi wenye donda kama hili husumbuliwa na harufu. Wewe je? Iko dawa yake." Na ipo kweli. Metronidazo, vidonge hivihivi tulivyonavyo kwenye makabati yetu, vikisagwa na kunyunyizwa juu ya donda lililosafishwa kwa maji ya chumvi, hupunguza harufu, na wengine huona nafuu ndani ya siku chache. Nimewaona wanawake waliorudi kukaa sebuleni na wageni kwa sababu ya unga wa kidonge. Saratani haikuondoka, lakini aliupata tena ukaaji wake na watu.

Ukimuuliza Mpemba unaendeleaje, atakujibu Alhamdulillah. Atalijibu hilo donda likiwa limefika mfupani. Ni imani yake na ni adabu yake. Hataki kumlalamikia Mola wake mbele ya watu, na wengi wanaamini, nasi tunaamini, kwamba maradhi hufuta madhambi. Kwa hivyo usiishie hapo ukaandika kuwa mgonjwa hana maumivu. Mimi huuliza vyengine. Jana usiku ulilala? Uliamka mara ngapi? Na suali ambalo halijawahi kuniangusha: unaswali umesimama, umekaa, au umelala? Wiki iliyopita uliswali vipi? Mtu aliyekuwa akisimama wiki iliyopita na leo anaswali kwa kulala ubavu ameshakueleza maumivu yake yote, bila kulalamika hata neno moja.

Hapo ndipo tunapokuja kwenye morfini. Watu wetu wanaiogopa. Wanasema akishapewa hiyo, basi, tandikeni mkeka. Ukiitaja juu juu, familia itaificha chupa. Elezeni kwa utulivu kuwa morfini ya maji ni dawa ya kunywa ya kutuliza maumivu makali, kwamba haimharakishi mtu kufa ikitolewa kwa kipimo chake, kwamba italeta choo kigumu na kwa hivyo atapewa dawa ya choo pamoja nayo, na usingizi wa siku za mwanzo mara nyingi ni wa mtu aliyekosa kulala wiki nzima. Uganda wanaitumia morfini ya maji tangu mwaka 1993, na mwaka 2004 waliruhusu hata wauguzi waliofunzwa maalumu waiandike, ili imfikie mtu kijijini kwake. Kwetu nako kijijini ndiko wagonjwa waliko.

Lililobaki ni zito zaidi, nalo ni kumwambia mtu kuwa ana saratani.

Vitabu vinatoa hatua. Ile inayofundishwa zaidi, iliyochapishwa na madaktari wa Marekani na Kanada mwaka 2000, ina hatua sita: andaa pahala, uliza anachojua, uliza anataka kujua kiasi gani, mpe habari, itikia hisia zake, pangeni pamoja. Ni hatua nzuri na mzisome. Mimi nitasimama kwenye ya tatu tu, kwa sababu ndiyo inayotushinda hapa kwetu.

Unatoka chumbani, mtoto mkubwa wa kiume anakufuata ukumbini. "Dokta, nakuomba, mama usimwambie. Mwambie vidonda vya tumbo." Tunafanya moja kati ya mawili, ama tunakubali na kumdanganya mama, ama tunamkaripia kijana kuhusu haki za mgonjwa. Yote mawili yanamwacha yule kijana na khofu yake. Mimi humwambia, "Unampenda mama yako. Unaogopa nini kitatokea akijua?" Atakwambia: atakata tamaa, ataacha kula, presha itapanda. Msikilize. Kisha muulize taratibu kama mama ana deni, kama kuna ardhi haijagawiwa, kama kuna ndugu hawasemezani, kama kuna wasia. Muulize nani atabeba dhima hiyo mama akiondoka hajui. Vijana wetu ni Waislamu, hilo linawaingia kuliko sheria yoyote ya haki za mgonjwa. Na mara nyingi mama anajua. Ameona wageni wanavyoongezeka, ameona mapishi yamekuwa ya kumbembeleza. Anawaficha wao kama wao wanavyomficha yeye, na kila upande unalia peke yake.

Kwa mama mwenyewe ninauliza hivi: "Bibi yangu, wako wanaopenda tuwaeleze wao kila kitu, na wako wanaopenda tuzungumze na watoto wao. Wewe unapenda vipi?" Wengine husema, nambieni mimi. Wengine husema, mwambieni mwanangu, mimi nataka dawa tu. Majibu yote mawili ni haki yake, na lile la pili msilidharau. Hakudanganywa, kachagua. Ila kesho muulizeni tena, watu hubadilika.

Ukimwambia, sema neno lenyewe, saratani, kwa sauti ya kawaida, kisha nyamaza. Usikimbilie kuujaza ule ukimya kwa majina ya dawa. Kumbukeni wale wanawake 210: walichokikumbuka ni kidogo. Habari nyingi kwa mtu aliyeshtuka ni maji kwenye pakacha. Mpe mambo mawili ya leo, mengine siku ya pili, na kabla hajaondoka mwambie, "Ukifika nyumbani mume akikuuliza, utamwelezaje?" Atakachokisema ndicho alichokibeba. Kama kimepinda, kosa ni la maelezo yako, na muda wa kuyanyoosha ni pale pale kabla hajapanda gari. Na lile neno "hatuna la kufanya tena" msilitamke. Ukiwa na dawa ya maumivu, na unga wa donda, na simu, unayo mengi ya kufanya.

Wanaume nimewasahau kidogo, na wao hujisahau zaidi. Mzee mwenye maradhi ya tezi dume hatamweleza muuguzi wa kike mwenye umri wa mjukuu wake kwamba mkojo unamtoka kitandani. Atakwambia ana baridi. Kituo kikiwa na mwanamme, mpeni yeye amhoji. Kisipokuwa naye, mpe faragha, muamkie kwa heshima yake, na mambo ya siri yaanze upande wako, kwa ujumla, "wazee wengi wa rika lako wanasumbuliwa na hili", ili yeye aitikie tu.

Nimalizie kwa maombi kwa viongozi mliopo, na nayaomba kwa heshima na taadhima.

Kwanza, pahala. Kuna vituo ambapo mtu anaambiwa ana saratani huku mwengine anachomwa sindano nyuma yake. Naomba pazia na viti viwili kila kituo kinachoandika rufaa. Pili, kila anayevuka awe na mtu mmoja wa kituo chake atakayempigia simu mara moja kwa wiki akiwa Unguja au Dar, na salio la simu lisitoke mfukoni mwa muuguzi. Mgonjwa anayejua kuwa Kengeja au Konde kuna mtu anamsubiri si rahisi aikatishe tiba. Tatu, mafunzo haya yawafikie matabibu, wauguzi na pia makarani wa mapokezi na walinzi wa getini, kwa sababu uso wa kwanza anaouona mgonjwa ni wao.

La mwisho ni wahudumu wa afya wa jamii. Hawa ndio wanaokaa ukumbini kwa mgonjwa jioni, wakaijua nyumba yote. Wao ndio wanaoambiwa yale ambayo sisi hatuambiwi. Mwaka huu wapo waliokwenda kwa miguu kutoka shehia moja hadi nyengine kubadilisha donda la mtu, na waliovuka kwenda visiwani kwa pesa zao. Naomba nauli zao, pamoja na ya mashua, ziingie kwenye bajeti ya wilaya inayokuja, kwa jina lake na kwa kiwango chake.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.